Breki ya Nyuma Inanipiga Mguu, na Aliyesuka Gurudumu ni Shemeji Yangu

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 27, ninaishi Gungu hapa Kigoma, na ninaendesha bodaboda nikiwa na kituo Mwanga. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia kuhusu pikipiki, kwa kuwa wengi hukuandikia kuhusu ndoa na mirathi. Jambo langu limeanzia kwenye gurudumu na sasa limeingia nyumbani, na sijui nilishike kwa upande gani.

Pikipiki ni ya mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, ambaye anauza dagaa na migebuka pale Kibirizi. Tuliandikishana mkataba wa miezi 14 kwamba nimpelekee hesabu ya shilingi 10,000 kila siku isipokuwa Jumapili, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yangu. Matengenezo yote ni juu yangu. Nimebakiza miezi minne.

Miezi mitatu iliyopita nilikuwa ninatoka Ujiji nikiwa nimebeba madumu matatu ya mawese, ya lita 20 kila moja, nikaingia kwenye shimo lililojaa maji ambalo sikuliona. Ringi ya nyuma ilibonyea na spoku sita zikakatika. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi pikipiki, na karakana yake ipo jirani na kituo chetu. Alinibadilishia ringi na spoku zote, akalisuka gurudumu upya, na akakataa katakata pesa ya ufundi. Alipokea gharama ya vifaa tu. Nilimshukuru sana siku ile, na hadi leo ninamshukuru.

Baada ya wiki kama mbili nilianza kuhisi jambo geni. Nikikanyaga breki ya mguu, pedali inauinua unyayo wangu na kuushusha, inauinua na kuushusha, kama vile kuna mtu anayegonga kutoka chini. Nikiwa kwenye kasi mapigo yanakuwa ya haraka, nikipunguza mwendo yanakuwa ya taratibu, na nikikaribia kusimama pikipiki inakwenda kwa kushtuka: inashika, inaachia, inashika. Nisipokanyaga breki inatembea vizuri kabisa.

Nilimrudia shemeji. Alifungua, akasema shuu za breki, vile vipande vinavyosugua ndani ya gurudumu ili lisimame, zimeisha, nikanunua mpya. Kwa siku mbili tatu ilitulia, kisha ikarudi. Nikanunua nyingine, ikawa vile vile. Mara ya tatu akaniambia, "Shemeji, pikipiki ya biashara haiwezi kuwa kama ya dukani. Wewe tumia breki ya mkono." Nikaona aibu kuendelea kumsumbua mtu ambaye hanitozi.

Nikaenda kwa fundi mwingine, mbali na kituo. Yeye hakufungua kitu. Alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akafumba jicho moja, akasema gurudumu la nyuma limekaa upande, halijanyooka na la mbele. Akalegeza nati ya ekseli, akakaza nati ya kuvutia cheni ya upande wa kulia peke yake, akanitoza shilingi 5,000. Tangu siku hiyo cheni inatoa mlio wa kusaga, na meno ya sproketi ya nyuma yameanza kung'aa upande mmoja. Breki inapiga kama mwanzo.

Wiki iliyopita ndipo nilipopata hofu ya kweli. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, nami nilikuwa ninashuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni, nimembeba mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mwanafunzi akavuka barabara mbele yetu. Nilikanyaga breki ya mguu, gurudumu la nyuma likashika kabisa kwa muda wa kufumba na kufumbua, likateleza kuelekea mtaroni, likaachia, likashika tena. Hatukuanguka. Yule mama hakusema neno. Alishuka, akakaza fundo la kitenge alichombebea mtoto, akanipa nauli yote, akaendelea kwa miguu. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana.

Sasa nipo njia panda. Mama mkubwa na shemeji hawaelewani tangu zamani, kwa sababu mahari ya dada haijamalizika hadi leo. Nikimweleza mama mkubwa kwamba gurudumu lina kasoro, atasema shemeji ameiharibu pikipiki yake. Nikiipeleka kwa fundi mwingine wa Mwanga, shemeji atajua kabla jua halijazama. Nikisimamisha kazi, hesabu italala. Wenzangu wa kituoni wanasema nivumilie hiyo miezi minne, kisha pikipiki ikiwa yangu niiuze. Ushauri huo unaniumiza zaidi, kwa sababu atakayeinunua naye atabeba watu.

Nisaidie, Mshauri. Je, ni kweli kwamba gurudumu kukaa upande ndiko kunakoifanya breki ipige? Na kati ya hawa ndugu zangu wawili, nianze kuzungumza na nani?

Mwenye Hofu ya Mteremko, Gungu

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mshtuko wa siku ile, na pole kwa wiki zote ambazo umekuwa ukikanyaga pedali huku moyo ukiwa juu juu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kukereza vyuma na jioni nyingi nilimshikia taa akiwa amelala chini ya chombo cha mtu. Ninachokijua kuhusu ngoma za breki nilikipata hapo, kwa kuangalia na kuulizauliza, nami nitakuambia kwa kadiri hiyo.

Umeniuliza maswali mawili, lakini mimi naona umeyafunga mambo matatu katika mzigo mmoja: gurudumu linaumwa nini, nani alisababisha, na nani aambiwe. Kwa kuwa yamefungwa pamoja, kila unapotaka kulishika la kwanza, la tatu linakuchoma. Naomba uniruhusu niufungue mzigo huo na kuanza na chuma, kwa sababu chuma hakina mahari wala shemeji.

Wewe mwenyewe umeandika jambo ambalo ni kubwa kuliko yote waliyokuambia mafundi wako wawili. Umesema mapigo yanakwenda haraka unapokwenda kasi na yanapungua unapopunguza mwendo. Maana yake ni kwamba pigo linazunguka pamoja na gurudumu. Kuna sehemu moja ya kitu kinachozunguka ambayo kila ikifika mahali fulani inasukuma. Gurudumu lililokaa upande haliwezi kufanya hivyo. Likiwa limekaa upande, limekaa upande katika kila hatua ya mzunguko wake, halinyooki nusu mzunguko na kupinda nusu nyingine. Litakula cheni, litakula meno ya sproketi upande mmoja, litaifanya pikipiki ivute kushoto au kulia, litamaliza tairi kabla ya siku zake, lakini halitakugonga unyayo. Kwa hiyo yawezekana fundi wa pili aliona kasoro ya kweli alipofumba jicho lake, ila kasoro hiyo siyo inayoipiga breki yako.

Jambo la pili uliloandika ni kwamba usipokanyaga breki pikipiki inatembea vizuri. Kama ringi ingekuwa imepinda sana, au tairi lingekuwa limevimba, au beringi zingekuwa zimekwisha, ungesikia mtikisiko hata bila kugusa pedali. Hilo linatupeleka mahali ambapo shuu inakutana na ngoma, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu na kubanwa na shuu, ndani kabisa, pale pasipoonekana.

Ngoma ya breki inatakiwa kuwa duara kamili. Ikipoteza uduara wake hata kwa sehemu ndogo ya milimita, ikawa na umbo linaloelekea yai, shuu zilizobanwa dhidi yake zinasukumwa na kuachiwa katika kila mzunguko, na msukumo huo unarudi kupitia fimbo ya breki hadi kwenye pedali. Ndiyo maana mguu wako unapanda na kushuka. Na shuu mpya hutuliza hali hiyo kwa muda, kwa kuwa mwanzoni huwa hazijaigusa ngoma kwa upana wake wote. Zikishakaa vizuri, umbo la ngoma linajitokeza tena. Shuu ulizobadilisha mara mbili huenda hazikuwa na kosa lolote.

Sasa, ngoma hupotezaje uduara? Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo lilipo swali la nani alisababisha. Ngoma ya pikipiki yako ni sehemu ya kitovu cha gurudumu, na spoku zote zimenasa kwenye kitovu hicho, kila moja ikivuta kuelekea kwenye ringi. Spoku zikikazwa kwa nguvu zisizolingana, zinaweza kukivuta kitovu na kukitoa kwenye uduara wake. Hiyo ni sababu moja, na ni kweli kwamba inamhusu aliyesuka. Lakini kipigo cha lile shimo, kilichotosha kukata spoku sita na kubonyeza ringi, kingeweza pia kukiumiza kitovu, na hapo shemeji yako alipokea ngoma iliyokwisha kuumia. Sababu ya tatu ni joto. Nitakuuliza bila kukulaumu: unaposhuka mlima ule wa Mwanga, unashuka ukiwa kwenye gia, au unaweka frii ili kuokoa mafuta kama wanavyofanya wengi? Na mguu wako wa kulia, je, unapumzika juu ya pedali njia nzima? Ngoma inayosuguliwa kuanzia juu hadi stesheni, safari baada ya safari, inachemka, na chuma kinachochemka na kupoa kila siku hakibaki na umbo lake. Shuu nazo huungua uso, zikawa laini na zenye kung'aa kama kioo.

Unaona kwamba katika sababu hizo tatu moja inamwelekea shemeji, moja inalielekea shimo, na moja inakuelekea wewe. Mimi sijui ni ipi. Wewe pia bado hujui, na hilo nadhani ni jambo la kutuliza moyo kabla hujafungua mdomo mbele ya mtu yeyote.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya uani kwako, bila fundi na bila gharama, ukiwa na kipande cha chaki na saa moja ya jioni. Hakikisha gurudumu limepoa. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa frii, ili gurudumu la nyuma lining'inie. Lizungushe kwa mkono na ulisikilize. Kisha kaza ile nati iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki kidogo kidogo, robo mzunguko kwa wakati, hadi usikie shuu zinaanza kugusa. Kama ngoma ni duara, utasikia msuguano mwepesi unaoendelea bila kukatika. Kama siyo duara, utasikia "shwaa", kimya, "shwaa", kimya, na mkono wako utahisi gurudumu linakuwa zito mahali pamoja na jepesi mahali pengine. Pale linapokuwa zito, weka alama ya chaki kwenye tairi. Rudia mara tatu. Alama zikiangukia mahali pamoja, umeipata. Ukimaliza, rudisha nati ile mahali pake, ili pedali iwe na uhuru wa kushuka kama sentimita mbili hadi tatu kabla breki haijashika.

Ukiwa bado umechuchumaa hapo, chukua spana ndogo na ugonge spoku moja moja ukizunguka gurudumu zima. Spoku iliyokazwa vizuri hulia kwa sauti nyembamba, na iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Hazitalia sawasawa zote, lakini ukikuta upande mmoja wa gurudumu unalia juu na upande mwingine unalia chini, weka chaki pia. Shika tairi juu na chini ulitikise kwa upande. Likicheza, beringi au bushi zinataka kuangaliwa. Funga msumari kwa mpira kwenye mkono wa nyuma, ule mafundi wanaouita swingamu, ncha yake ikaribie ringi bila kuigusa, kisha zungusha na uangalie nafasi inavyopanuka na kupungua; katika pikipiki nyingi kiasi kinachovumilika ni milimita 2. Na uangalie kile chuma kinachokizuia kifuniko cha ngoma kisizunguke. Boliti zake zikiwa zimelegea, kifuniko kitakuwa kinarukaruka kila unapofunga breki, na utakuwa umeihangaikia ngoma bure.

Neno moja la tahadhari: ukifungua gurudumu, usipulize vumbi lililomo kwenye ngoma kwa mdomo wala kwa pampu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la shuu si zuri kwa mapafu, na mafundi wetu wengi wamelivuta miaka mingi bila kuambiwa.

Kuhusu gurudumu kukaa upande, ningeanza kwa kuuchunguza upya ule urekebishaji wa shilingi 5,000, kwa kuwa mlio wa cheni na meno yanayong'aa upande mmoja yanaonyesha kwamba ekseli haijakaa sawa. Alama zilizochorwa kwenye swingamu zinasaidia, lakini haziaminiki kila wakati. Pima kwa uzi kutoka katikati ya boliti ambayo swingamu imening'inia hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto, na vipimo vifanane. Simama nyuma uangalie cheni ya juu: inatakiwa kutoka kwenye sproketi ikiwa imenyooka kama mstari. Kisha funga uzi kwenye tairi la nyuma, uuvute pande zote mbili hadi upite tairi la mbele huku usukani ukiwa umenyooka. Kwa kuwa tairi la mbele ni jembamba kuliko la nyuma, itabaki nafasi kati ya uzi na tairi, na nafasi hizo mbili zinatakiwa kulingana. Wakati wa kukaza nati kubwa ya ekseli, mwombe mtu akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia, ili shuu zijiweke katikati ya ngoma kabla nati haijabana. Jambo hilo dogo mume wangu hakuwahi kuliacha.

Ikiwa ekseli imelingana kulia na kushoto, cheni imenyooka, na bado uzi unaonyesha gurudumu liko upande, usiendelee kulivuta kwa nati za cheni. Hapo ama swingamu ilipinda shimoni, ama ringi ilisukwa ikiegemea upande mmoja wa kitovu badala ya kukaa katikati. La pili linarekebishwa kwa spoku tu. Nadhani sasa unaona ni kwa nini nimesema fundi wa pili huenda aliona kweli na bado akarekebisha mahali pasipohusika.

Kama chaki itaonyesha kwamba ngoma si duara, njia iliyopo ni kusawazisha spoku, na kasoro ikibaki, ngoma ikerezwe. Mpangilio wake ni huo huo: spoku kwanza, mashine ya kukereza baadaye, na ngoma ikerezwe ikiwa ndani ya gurudumu lililokwisha kusukwa na kukazwa. Ukikereza kwanza kisha ukakaza spoku, utakuwa umeirudisha kasoro kwa mkono wako. Kuna kikomo pia. Ndani ya ngoma nyingi kimechongwa kipimo cha mwisho cha upana, na mara nyingi ni milimita 1 tu juu ya kipimo cha upya. Ngoma ya milimita 130, kwa mfano, haitakiwi kuzidi 131. Ikivuka hapo, kitovu kibadilishwe, na hiyo ni gharama nyingine.

Sasa nirudi kwa shemeji yako. Kuna jambo katika barua yako limenigusa: alikusaidia bila kukutoza, na tangu hapo umekosa ulimi. Mtu aliyelipa anarudi na kusema, "Fundi, kazi haijakaa sawa." Aliyesaidiwa anaona kwamba kurudi ni kukosa shukrani. Najiuliza kama naye shemeji hayuko katika hali hiyo hiyo kwa upande wake, kwamba amefungua mara tatu bila malipo, wateja wengine wanasubiri, na maneno yale ya pikipiki ya biashara yalitoka kwa uchovu kuliko kwa dharau. Je, ingekuwaje kama ungemwendea asubuhi kabla kituo hakijachangamka, na badala ya kumwambia kwamba gurudumu lake ni bovu, ukamwomba alizungushe pamoja nawe alama ya chaki ikiwa tayari ipo? Na kama ungetangulia kumwambia kwamba safari hii utalipia ufundi? Fundi huweza kubishana na maneno ya mtu, lakini ni vigumu kwake kubishana na "shwaa" anayoisikia kwa masikio yake. Hatari ipo: anaweza kuona umekwenda kupimapima kazi yake kwa siri, hasa akijua umepita kwa fundi mwingine. Ningependelea alijue hilo kutoka kwako.

Ile kauli yake ya kutumia breki ya mkono ina ukweli nusu. Unapofunga breki uzito unaelemea mbele, na kwenye mteremko unaelemea zaidi, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa sababu hiyo hiyo gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na ni rahisi kushika na kuteleza, na ngoma yenye umbo la yai inalishikisha kwa ghafla pale palipo na uvimbe. Huenda ndicho kilichotokea siku ile. Lakini kwenye udongo mwekundu uliolowa au kwenye kokoto, breki ya mbele peke yake inaweza kukuangusha kabla hujajua kilichotokea. Unazihitaji zote mbili, pamoja na gia ya pili ili injini ikusaidie kushuka. Na ukifika chini na kusikia harufu ya kuungua, usimwagie ngoma maji. Iache ipoe yenyewe.

Kuhusu mama mkubwa, nataka nikuulize swali ambalo huenda ni gumu. Je, aliwahi kuambiwa kuhusu shimo? Katika barua yako yote sikuona mahali ulipomweleza kwamba siku ile ulibeba mawese na ringi ikabonyea. Lita 60 za mawese zina uzito unaokaribia kilo 55, kama abiria mmoja mwembamba, kwa hiyo sisemi ulikosea kuzibeba. Ninachofikiri ni kwamba, kama hajui kuhusu shimo, basi habari ya gurudumu itamfikia ikiwa haina kichwa, na mtu mwenye kinyongo akipata habari isiyo na kichwa huiwekea kichwa anachokitaka. Ukianza na shimo, unaanza na wewe mwenyewe, na jina la shemeji linaingia kama la mtu aliyekuja kusaidia, ambavyo ndivyo ilivyokuwa. Bado anaweza kulitaja suala la mahari. Huwezi kumzuia, na si wewe unayepaswa kulimaliza. Lakini mkataba unasema matengenezo ni yako, wala hausemi kwamba afichwe. Na abiria akiumia, mwenye pikipiki naye ataulizwa.

Unaweza pia kwenda kwake ukiwa na ombi badala ya habari tu: siku mbili au tatu za kutopeleka hesabu, zihamishiwe mwishoni mwa mkataba, ili gurudumu likae kwa fundi bila wewe kukimbizana na jua. Wapo wenye pikipiki wanaokubali na wapo wanaokataa. Yeye ni mfanyabiashara, na anajua maana ya chombo kulala pwani kikizibwa.

Njia ya kufanya kimya kimya, yaani kununua gurudumu zima lililotumika na kulifunga usiku, nimeifikiria pia kwa niaba yako. Ingeweza kuokoa heshima ya kila mmoja. Hatari yake ni kwamba unanunua ngoma usiyoijua historia yake, na jaribio la chaki linatakiwa kuanza upya.

Wakati unatafakari, nina ombi moja, na naliomba kama mama: abiria wa mteremko wa Mwanga wapumzike kwanza, walau hadi chaki ikuambie kitu. Najua safari za tambarare za kuelekea Ujiji hazijazi hesabu, na najua mzigo nao hauna usalama kamili, kwa kuwa yule mwanafunzi angevuka barabara hata kama nyuma yako pangekuwa na gunia. Lakini umeandika kuhusu fundo la kitenge kana kwamba bado unaliona, nami nadhani moyo wako umekwishaanza kupanga safari zake.

Kuhusu wenzako wanaokushauri uiuze pikipiki ikiwa hivyo, umewajibu mwenyewe katika barua, na sina la kuongeza.

Niandikie tena ukishalizungusha gurudumu. Niambie alama tatu za chaki ziliangukia wapi, na kama ni karibu na zile spoku zenye sauti nzito au ni mbali nazo, kwa sababu zikiwa mbali tutakuwa na sababu ya kuliangalia upya lile shimo na ule mteremko kabla ya kumtazama shemeji. Msalimie dada yako.